Kimya Kingi Kina Mshindo: Filamu Bubu ya Majambazi Mbele ya Wazee wa Nyamira

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aghalabu twaitumia methali hii kwa mtu mpole aliyeghadhibika, au kwa bahari iliyolala kabla kusi halijavuma. Leo naitumia kwa jambo jingine kabisa, nalo ni filamu isiyo na sauti, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1927, ihusuyo majambazi wa mjini. Jina lake ni "Underworld", yaani ulimwengu wa chini, ule wa watu waishio kwa kujificha na sheria.

Msomaji mpenzi, huenda ukauliza: mshairi wa pwani, aliyelelewa chuoni kwa ubao na wino wa masizi, ana nini na sinema ya majambazi? Na sinema hiyo ina nini na Kisii na Nyamira? Swali ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo. Filamu hii niliitazama katika nyumba moja ya Nyamira, pamoja na wazee ambao zamani wakubwa wa London walikata shauri kwamba hawawezi kuelewa filamu ya namna hiyo. Nataka kusema walichokielewa, na kwa nini jambo hilo si dogo.

KANUNI ZA LONDON

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake, nayo ikadumu hadi 1955. Mkuu wake alikuwa William Sellers, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi za afya huko Nigeria, akiwaonyesha watu filamu za kuwafundisha usafi na kinga ya maradhi. Hapana shaka alikuwa mtu wa bidii. Lakini pamoja na bidii alikuwa na nadharia. Alishikilia kwamba Mwafrika wa shamba hajazoea picha, na kwa hivyo filamu yake sharti iende polepole, kila picha idumu kwa muda mrefu, kamera isiruke kutoka mahali hadi mahali, na kila kitokacho katika picha kionekane kimekwenda wapi.

Ikasimuliwa mara nyingi hadithi ya mbu: eti wanakijiji walionyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa akaenea pazia zima, nao wakasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho, basi maradhi hayo hayawahusu. Hadithi hii ilitumiwa kama ushahidi wa ujinga wao. Mimi naisoma vingine. Yeyote aliyekaa barazani na wazee wa Kiafrika anajua jinsi wanavyoweza kumjibu mgeni kwa uso mkavu, kisha wakacheka akishapanda gari lake.

Kabla ya idara hiyo, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na jaribio jingine la sinema karibu nasi zaidi, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Zilitengenezwa filamu 35, sauti zake zikawa katika sahani za santuri, zikatembezwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu safura, kilimo, ufugaji, kodi, na faida ya kuweka akiba posta badala ya kufukia fedha ardhini. Sizidharau. Safura ni maradhi na akiba ni akiba. Lakini angalia tofauti: wakati mwenzetu wa Mombasa au Unguja alikuwa akilipa senti zake na kuingia sinema kutazama filamu za Bombay, Misri na Hollywood zilizokatwakatwa kwa kila ustadi, wala asipotee njia, mtu wa bara alipangiwa filamu za mwendo wa kobe kwa hoja kwamba akili yake haiwezi mbio.

Hiyo ndiyo dhana niliyokwenda nayo Nyamira mfukoni, kama mtu aendaye na sarafu ambayo hajui kama ni halali au ya bandia.

FILAMU YENYEWE

Kwanza tuijue filamu. Aliyeiongoza ni Josef von Sternberg, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1894. Kisa kilibuniwa na Ben Hecht, mwandishi wa magazeti wa Chicago aliyewajua majambazi wa mji ule kwa kazi yake ya kila siku. Wawili hawa hawakupatana. Hecht alichukizwa na jinsi kisa chake kilivyogeuzwa hata akataka jina lake liondolewe. Halikuondolewa, na mwaka 1929, katika sherehe ya kwanza kabisa ya tuzo za Oscar, ni yeye Hecht aliyepewa tuzo ya kisa bora kwa filamu hiyo hiyo. Kamera ilishikwa na Bert Glennon, na majumba ya ndani yalichorwa na Hans Dreier.

Kisa ni cha watu watatu. Kuna Bull Weed, jambazi mwenye nguvu za fahali, kicheko kikubwa na mkono mpana wa kutoa, aliyechezwa na George Bancroft. Kuna mlevi mmoja aliyewahi kuwa wakili, ambaye Bull anamwokota barabarani, anamnyanyua kutoka katika ulevi, na kumpa jina la Rolls Royce kwa vile alivyoahidi kufunga kinywa chake. Huyu ni Clive Brook. Na kuna mwanamke wa Bull, Evelyn Brent, aitwaye Feathers kwa kuwa kila mara amevaa manyoya. Mlevi akirudiwa na akili zake, yeye na yule mwanamke wanapendana, na wote wawili wana deni la hisani kwa Bull. Kisha Bull anaua mtu, anahukumiwa kunyongwa, na akiwa gerezani anaingiwa na shaka kwamba wale aliowatendea wema wamemsaliti.

Kisa hicho, ukikisimulia kwa maneno, ni cha kawaida. Tenzi zetu na ngano zetu zina visa vya urafiki na usaliti vilivyo vizito kuliko hiki. Utamu wake haumo katika kisa. Umo katika jinsi kinavyoonekana, na jinsi kilivyokatwa.

MWANGAZA NA KIVULI

Filamu yaanza usiku wa manane, mji mkubwa umelala. Benki inalipuliwa na Bull anatoka. Hakuna anayetueleza yeye ni nani. Ukubwa wa mwili wake katika barabara tupu ndio unaomtambulisha.

Sternberg hakuwasha taa ili tuone tu. Aliwasha taa ili achague tuone nini. Katika picha zake, moshi, wavu, pazia, nguzo na ngazi husimama kati yetu na mtu, hata uso ukawa kama mwezi katika mawingu. Manyoya ya yule mwanamke yanashika mwanga na kuung'arisha, ilhali nyuma yake kila kitu kimezama gizani. Rangi ni mbili tu, nyeusi na nyeupe, lakini kati ya hizo mbili kuna daraja nyingi za kijivu kama zilivyo daraja za sauti kati ya ghani ya chini na ya juu.

Yapo pia maandishi ya taa juu ya jengo, tangazo la biashara linalosema kwamba mji ni wako. Bull anayatazama na kuyaamini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1932, Hecht akaandika "Scarface", na humo likatokea tangazo la namna hiyo hiyo, safari hii likisema ulimwengu wote ni wako. Hivyo ndivyo kiburi kinavyokua: leo mji, kesho dunia.

VIPANDE NA VINA

Sasa nije kwenye ukataji. Sisi washairi hatuna haja ya kufundishwa sana jambo hili, maana tumelelewa nalo. Mshororo wa shairi una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane hapa na mizani nane pale. Msomaji akifika katikati hupumua, na katika pumzi ile fupi akili yake huruka kutoka kipande cha kwanza hadi cha pili na kuviunga. Mshairi hasemi yaliyo kati. Akiyasema, ameharibu.

Mkata filamu hufanya vivyo hivyo. Anaweka picha moja, anaweka ya pili, na maana huzaliwa mahali ambapo hapana picha.

Chukua mfano mmoja. Rolls Royce, akiwa bado mlevi, anafagia sakafu ya mkahawa wa majambazi. Juu, penye ngazi, Feathers anapita. Unyoya mmoja unamdondoka. Tunauona ukishuka hewani, taratibu, kama jani la mwembe siku isiyo na upepo. Kisha tuko chini, unyoya unafika kwa yule mwanamume, naye anainua macho. Basi. Hakuna neno la mapenzi lililoandikwa, hakuna mkono ulioshikwa. Picha ya juu ni ukwapi, picha ya chini ni utao, na ule unyoya ndio kina kinachovifunga.

Mfano wa pili ni wizi wa duka la vito. Mtengenezaji mwingine angetumia dakika kumi. Sternberg anatumia vipande vichache vya haraka: silaha, hofu, mkono unaochota. Tumekwisha. Na wa tatu ni karamu ya majambazi, ambapo nyuso zinafuatana moja baada ya nyingine, zinacheka, zinakenua, zinafumba macho, kila moja kwa muda wa kupepesa tu, hata mtazamaji mwenyewe akahisi kizunguzungu bila kuonja tone.

JIONI MOJA NYAMIRA

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Baada ya swala ya isha, ambayo aliniwekea nafasi safi katika chumba cha wageni ingawa yeye si Mwislamu, tulitundika shuka jeupe ukutani. Mwanawe alikuwa na kimashine kidogo cha kumulika picha. Tulikuwa watu kama kumi na tano: majirani waliotoka kuchuma chai, vijana wa sekondari, na mama yake mzazi, bibi aliyepita umri wa miaka themanini. Mwalimu alimwita "baba". Nilipogeuka kumtafuta huyo baba, watu walicheka, nikaelezwa kwamba kwa Ekegusii baba ndiye mama, na baba wa kiume huitwa tata. Wajukuu wakamwita magokoro, nami nikaona aula nimwite Bibi, tukaelewana.

Maneno machache yaliyoandikwa katika filamu yalisomwa kwa Ekegusii na binti wa nyumba. Zaidi ya hayo hakuna aliyefasiri lolote. Nilimwomba Mwalimu iwe hivyo.

Ulipoanguka ule unyoya, kijana mmoja aliuliza, "Huyu mwanamke ameutupa makusudi au umemdondoka?"

Bibi akajibu kwa lugha yake, Mwalimu akanitafsiria: "Hata mwenyewe hajui. Lakini mambo yameshaanza."

Nikamwangalia Mwalimu, naye akatabasamu. "Shekhe," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyo ndiye wanayesema hawezi kufuata picha."

Naam. Kanuni ya London ilisema kitokacho katika picha moja kisiachwe hewani. Hapa unyoya ulitoka katika picha ya juu, ukaingia katika picha ya chini, na bibi aliyelima maisha yake yote aliufuata, akafika kabla yetu, akajua mpaka lililo moyoni mwa watu wale.

Katika karamu ya nyuso, mzee mmoja jirani alisema, "Ndivyo mlevi anavyoona watu." Hilo nalo ni sawasawa. Kamera ilikuwa imelewa, naye alilijua.

Wakati pekee walipochoka ni katika mapigano ya mwisho, polisi wamezingira nyumba na risasi zinamiminika. Nami nakubaliana nao. Sehemu ile imerefushwa kuliko haja, na bunduki zisizo na mlio hazina mengi ya kusema. Lakini katikati ya moto ule Rolls Royce, ambaye angeweza kukimbia na kuishi, anakuja kwa njia ya siri, amejeruhiwa, ili ampe Bull nafasi ya kutoroka. Bull anatazama jeraha la rafiki yake. Hapo nyumba nzima ilinyamaza, na chai ikapoa vikombeni.

JIWE HALIONGEZWI

Siku iliyofuata nilitelemka hadi Tabaka, Kisii, yanakochimbwa mawe laini yanayochongwa vinyago vinavyouzwa kote duniani. Ni huko Gusii alikotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani yupo katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Nilikaa na fundi mmoja akichonga. Alianza kwa panga, akaja kwa kisu, kisha akasugua kwa msasa na maji hata jiwe likapata ngozi. Nilimuuliza lipi gumu zaidi. Akanijibu, "Mzee, jiwe haliongezwi. Ukikata umekata."

Nikalikumbuka shuka la Mwalimu. Mwandishi wa kitabu aweza kuongeza ukurasa. Mchongaji na mkata filamu hupata umbo kwa kuondoa, na kila walichokiondoa lazima mtazamaji akihisi bila kukiona. Watu wanaoishi na kazi kama hiyo, wakaiona mikononi mwa baba na wajomba zao tangu utotoni, ni ajabu gani wakielewa filamu iliyokatwa? Ajabu ni kwamba mtu aliweza kudhani hawatailewa.

MSIMULIZI NA KIMYA

Najua baadhi ya wasomaji watasema: mbona filamu za kigeni zinazopendwa sana vibandani ni zile zenye msimulizi? Kweli. Hapa Kenya DJ Afro amewakusanya watu wengi kwa sauti yake juu ya filamu za watu wengine, na Tanzania walikuwa na Lufufu. Japani nako, enzi za filamu bubu, wasimulizi walikaa kando ya pazia na wakawa mashuhuri kuliko hata wachezaji. Sina ugomvi na sanaa hiyo. Ni ndugu ya masimulizi yetu ya barazani, na msimulizi hodari huongeza filamu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Lakini kuna tofauti kati ya msimulizi anayekuja kwa sababu ni fundi na msimulizi anayewekwa kwa sababu mtazamaji amedhaniwa haoni. Idara ile ya London ilitengeneza filamu nyingi za kimya zikaambatana na msemaji wa lugha ya mahali, kazi yake kuu ikiwa kueleza kilichokwisha kuonekana. Wa kwanza anaheshimu macho yetu na kutuongezea masikio. Wa pili anatufumba macho.

JE, TUMSIFU JAMBAZI?

Limebaki swali moja ambalo msomaji mcha Mungu hataniacha nilikwepe. Je, inafaa kusifia filamu yenye mlevi, mwizi na muuaji?

Nasema hivi. Filamu hii haimwachii Bull. Wizi wake unaitwa wizi, na mwisho wake ni kamba. Anayeitazama hatoki akitamani kuwa yeye. Linalomtesa Bull katika nusu ya pili ya filamu si polisi wala jela, bali ni dhana mbaya. Amewadhania ubaya watu waliokuwa wakihatarisha roho zao kwa ajili yake. Anapotambua hivyo, anawatoa rafiki zake wawili kwa mlango wa siri, yeye anajisalimisha. Askari anamshangaa kwa kupigana vile ili apate saa moja tu ya uhai, naye anajibu kwamba katika saa hiyo amejua jambo lililo bora kwake kuliko maisha yake yote.

Sisemi ametubu. Hilo ni baina ya mja na Mola wake, na huyu ni mja wa kubuniwa tu. Nasema kwamba ubaya wa kumdhania mwenzio, ambao sisi tumeonywa nao tangu chuoni, umeelezwa hapa bila hotuba. Yupo pia yule paka mdogo, ambaye Bull mkimbizi, mwenye damu mikononi, anamlisha maziwa kwa kidole. Picha ile haimtakasi. Yatukumbusha tu kwamba huruma yaweza kubaki mahali tulipodhani imekufa, na kwamba hukumu ya mioyo si yetu.

ZIMA SAUTI

Tangu tarehe 1 Januari 2023 haki za kunakili filamu hii zimekwisha huko Marekani, yaani ni mali ya watu wote. Bahati hii si ya kila filamu. Filamu bubu nyingi za zama zile zimepotea kabisa. Hata "The Drag Net" ya mwaka 1928, ambayo Sternberg alimtumia tena Bancroft, haionekani popote. Hii imebaki, na ni vyema itumike.

Shule zetu, za Kisii na Nyamira kama za Lamu na Kwale, hushiriki mashindano ya kitaifa ya drama na filamu, na vijana wanatengeneza filamu kwa simu zao. Nimezitazama kadhaa. Sura zipo na vipaji vipo, ila muziki unalia mwanzo hadi mwisho, na kila mchezaji anasema kwa kinywa yale ambayo uso wake umekwisha sema. Nani aliyewaambia kwamba sisi watazamaji hatuoni? Nachelea ni kanuni ile ile ya London, iliyozikwa rasmi 1955, ambayo tumeirithi bila kujua nasi tukaifanya yetu.

Nawashauri walimu na vijana jambo moja, halina gharama. Mkishamaliza filamu yenu, zimeni sauti, mwiteni bibi wa jirani aketi, mumwonyeshe. Kisha mumuulize kimetokea nini. Akiweza kuwasimulia, filamu mnayo. Asipoweza, msimlaumu yeye. Rudini mkakate upya.